Kioo cha Tabaka Mbili katika Jua la Garissa

Utangulizi

Mji wa Garissa umekaa kando ya Mto Tana, katika mwinuko wa takriban mita 150 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Joto la mchana mjini humo hupita nyuzi 34 za Selsiasi katika sehemu kubwa ya mwaka, na mwezi wa Machi hukaribia nyuzi 37. Wajir na Mandera, zilizoko kaskazini zaidi, hazina nafuu kubwa. Katika mazingira kama haya, dirisha si pambo la nyumba. Dirisha ndilo linaloamua kama mwanafunzi ataweza kusoma saa nane mchana, kama mama aliyejifungua ataweza kupumzika wodini, na kama dawa zilizohifadhiwa kabatini zitabaki salama.

Uzito wa jambo hili ulionekana katika nchi jirani mwezi wa Machi 2024, pale serikali ya Sudan Kusini ilipofunga shule zote kwa sababu ya joto kali. Mwezi wa Februari 2025 ililazimika kuzifunga tena. Kaskazini Mashariki mwa Kenya ni eneo lenye jua la aina hiyo hiyo, na tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, ujenzi wa ofisi, madarasa, hoteli na zahanati umeongezeka. Baadhi ya majengo hayo yana madirisha mapana ya vioo, kwa mtindo unaopatikana Nairobi au Dubai. Joto linapowashinda wenyeji, dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kioo cha tabaka mbili au tatu, ambacho kimesifiwa sana katika nchi za Ulaya kwa kupunguza matumizi ya nishati.

Makala haya yanaeleza kioo hicho ni nini, kinafanyaje kazi, na kinafaa wapi katika eneo la Garissa. Hoja inayotetewa ni kwamba kioo cha tabaka mbili ni chombo kizuri kilichobuniwa dhidi ya adui mwingine. Kilibuniwa kupambana na baridi ya nje, ilhali adui wa Garissa ni jua lenyewe. Kwa hiyo katika eneo hili kivuli hutangulia, na kioo hufuata.

Asili na muundo wa kioo cha tabaka mbili

Wazo la kuweka vioo viwili katika fremu moja ni la zamani. Mwaka 1865 Thomas Stetson wa New York alipewa hataza nchini Marekani kwa ajili ya dirisha la vioo viwili vilivyounganishwa kingoni, huku nafasi ikiachwa kati yao. Katika nchi za baridi za Ulaya ya Kaskazini, watu walikuwa tayari wamezoea kuongeza dirisha la pili wakati wa majira ya baridi ili moto wa jikoni na sebuleni usipotee bure. Katika karne ya 20 utengenezaji wake uliingia viwandani, na kuanzia miaka ya 1980 vioo hivyo vilianza kupakwa utando mwembamba wa metali usioonekana kwa macho.

Siri ya kioo hiki haimo katika kioo chenyewe. Imo katika hewa iliyofungwa kati ya vioo viwili. Kioo hupitisha joto kwa urahisi, lakini hewa iliyotulia hulipitisha kwa shida. Nafasi ya milimita 12 hadi 16 hutosha, kwa kuwa ikiwa pana kupita kiasi hewa huanza kuzunguka na kubeba joto kutoka upande mmoja hadi mwingine. Badala ya hewa ya kawaida, viwanda vingine hujaza gesi ya agoni, ambayo hupitisha joto kidogo zaidi. Pembezoni huwekwa ukanda wenye chembe za kufyonza unyevu ili mvuke usigande ndani, kisha kingo huzibwa kwa gundi maalumu.

Ubora wa dirisha katika kuzuia joto hupimwa kwa kuhesabu wati zinazopita katika mita moja ya mraba pale ambapo ndani na nje pana tofauti ya nyuzi moja. Kioo kimoja cha kawaida hupitisha takriban wati 5.7. Vioo viwili vyenye hewa kati yao hupitisha takriban wati 2.8. Vioo viwili vyenye utando wa metali na gesi ya agoni huweza kufikia wati 1.2 hivi, na vioo vitatu vya aina hiyo hushuka chini ya wati 1. Tarakimu hizi ndizo zinazomvutia mnunuzi. Hata hivyo, zinaeleza sehemu moja tu ya habari.

Njia tatu za joto

Joto husafiri kwa njia tatu. Ya kwanza ni mpitisho, yaani joto kupita ndani ya kitu kigumu kama inavyotokea mpini wa kijiko unapopata moto kutoka kwenye sufuria. Ya pili ni msafara, yaani joto kubebwa na hewa au maji yanayotembea. Ya tatu ni mnururisho, ambapo joto husafiri kama miale bila kuhitaji kitu cha kulibeba. Kwa njia hii ya tatu jua huifikia dunia, na mtu aliyekaa mbali na moto wa kuni huhisi uso ukiungua ingawa hewa iliyo mgongoni mwake ni baridi.

Kioo cha tabaka mbili kisichopakwa kitu hupambana na njia mbili za kwanza. Miale ya jua hupita ndani yake kama inavyopita katika kioo kimoja, ikipunguzwa kidogo tu. Kioo kimoja cha kawaida huruhusu takriban asilimia 85 ya joto la jua kuingia, na vioo viwili vya kawaida huruhusu takriban asilimia 75. Miale hiyo ikishaingia, huangukia sakafu, meza na kuta, navyo vikapata joto. Vitu hivyo navyo hutoa miale ya joto ya aina nyingine ambayo kioo hakiipitishi kwa wepesi. Chumba huwa kama mtego wa panya: mlango wa kuingilia uko wazi, wa kutokea umefungwa. Kila aliyeacha gari juani huku vioo vikiwa vimepandishwa analifahamu jambo hili.

Hesabu ya dirisha moja

Ili jambo hili lieleweke vizuri, lichukuliwe dirisha lenye eneo la mita 2 za mraba, linalotazama magharibi mjini Garissa, saa kumi alasiri. Ichukuliwe kwamba jua linalipiga kwa nguvu ya wati 600 kwa kila mita ya mraba, na kwamba ndani mna kiyoyozi kinachoshusha joto hadi nyuzi 26 wakati nje ni nyuzi 36.

Dirisha likiwa na kioo kimoja, jua huingiza takriban wati 1,020. Tofauti ya joto kati ya nje na ndani huongeza takriban wati 115. Jumla ni wati 1,135, sawa na kuwasha pasi ndogo ya umeme ndani ya chumba ambacho kiyoyozi kinajitahidi kukipoza.

Kioo hicho kikibadilishwa na vioo viwili vya kawaida, jua huingiza wati 900, na tofauti ya joto huongeza wati 56. Jumla ni takriban wati 955. Nafuu ipo, lakini haifiki hata moja ya tano ya joto lililokuwa likiingia.

Sasa kioo kile kimoja kiachwe mahali pake, na badala ya kununua kioo kipya, dirisha liwekewe nje kinga inayozuia robo tatu ya joto la jua: mbao zilizopangwa kwa mshazari, ukuta wa matofali yenye matundu, au mkeka mzito. Jua litaingiza wati 255, na tofauti ya joto itaongeza zile wati 115. Jumla ni wati 370. Kioo ghali cha tabaka mbili chenye utando wa kuzuia jua, kinachoruhusu asilimia 30 tu ya joto la jua, kingefikia takriban wati 385. Hivyo basi, kivuli kilichotengenezwa na fundi wa mtaani hufanya kazi sawa na kioo bora kilichoagizwa kutoka ng'ambo. Vikiunganishwa vyote viwili, kivuli na kioo bora, joto linaloingia hushuka hadi wati 115 hivi.

Ikumbukwe kwamba hesabu hii imechukulia kuwa chumba kina kiyoyozi. Madarasa na nyumba nyingi za eneo hili hazina. Chumba kisicho na kiyoyozi, chenye madirisha yaliyofunguliwa, huwa na joto linalokaribiana na la nje, na zile wati 115 au 56 za tofauti ya joto hutoweka kabisa. Hapo kazi ya kioo cha pili karibu inakwisha, na kinachobaki ni jua peke yake. Zaidi ya hayo, usiku unapoingia na kuta zikaanza kutoa joto zilizolihifadhi mchana kutwa, anayelala ndani huhitaji dirisha linalofunguka apate upepo. Dirisha la tabaka mbili lililofungwa daima humnyima nafuu hiyo.

Jua la ikweta na mwelekeo wa jengo

Jambo la kutia moyo ni kwamba jua la ikweta linatabirika. Mjini Garissa, mwishoni mwa Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita karibu utosini. Mwezi wa Juni huelekea kaskazini na mwezi wa Desemba huelekea kusini, lakini adhuhuri haliondoki utosini kwa zaidi ya nyuzi 24 hivi. Hii ina maana kwamba kuta zinazotazama kaskazini na kusini hupigwa na jua kutoka juu sana, na jua la juu huzuiliwa kwa urahisi. Dirisha lenye kimo cha mita 1.2 likijengewa juu yake kibaraza chembamba kinachotokeza sentimita 75 na kuzidi upana wa dirisha pande zote mbili, litakuwa kivulini kuanzia takriban saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, hata katika siku ambazo jua limekwenda mbali kabisa.

Upande wa mashariki na wa magharibi hali ni tofauti. Saa kumi alasiri jua la magharibi huwa limeshuka, na kibaraza cha kulikinga dirisha lile lile kingehitaji kutokeza zaidi ya mita mbili. Kwa hiyo jengo linalofaa Garissa ni lile lililolala kutoka mashariki hadi magharibi, likiweka madirisha yake kaskazini na kusini, na kuziacha kuta zake fupi za mashariki na magharibi bila madirisha au zikiwa na matundu madogo tu. Uamuzi huu hufanywa kwenye karatasi ya ramani kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na hauongezi hata shilingi moja katika gharama ya vifaa. Jengo lililokwisha kusimama vibaya bado linaweza kusaidiwa kwa veranda pana au kwa mti. Mwarobaini, uliopandwa kwa wingi mjini Garissa, ni kinga bora ya upande wa magharibi, kwani huzuia jua kabla halijagusa kioo. Pazia la ndani haliwezi kufanya hivyo, kwa kuwa joto linalozuiliwa na pazia limekwisha kuingia chumbani.

Kioo cheusi nacho kinahitaji tahadhari. Wengi hukiweka wakiamini kwamba giza ni kivuli. Kwa kweli kioo hicho hunyonya joto la jua, kikapata moto chenyewe, na sehemu ya joto hilo kikaitoa ndani. Anayeketi karibu nacho jioni huhisi kama ameketi karibu na jiko.

Hekima iliyotangulia kioo

Fikra ya kutumia hewa iliyonaswa kati ya matabaka si ngeni kwa wakazi wa Kaskazini Mashariki. Aqal, nyumba ya mviringo ya wafugaji wa Kisomali ambayo hujengwa na kuhamishwa na wanawake, huwa na fito zilizopindwa na kufunikwa kwa matabaka ya mikeka na ngozi. Hewa iliyomo ndani ya nyuzi na kati ya matabaka hayo hupunguza kasi ya joto, kama ifanyavyo hewa iliyomo kati ya vioo viwili. Tofauti ni kwamba tabaka la nje la aqal halipitishi miale ya jua. Aidha mikeka huweza kuinuliwa ili upepo upite. Nyumba hiyo huzuia jua, huzuia joto, na hupumua.

Upande wa kusini, Kaunti ya Garissa inapakana na Kaunti ya Lamu, yenye mji ambao nyumba zake za kale za mawe ya matumbawe zina kuta nene na vyumba vinavyopata mwanga kutoka kiwandani, yaani uani katikati ya nyumba, badala ya kuufungulia mwanga wa mtaani. Wajenzi wa pwani na wafugaji wa bara walitumia vifaa tofauti, lakini walifuata kanuni moja: mwanga uingie, jua libaki nje. Jungu kuu halikosi ukoko, na mjenzi wa leo ana mengi ya kujifunza kutoka kwao kabla hajafungua orodha ya bei za vioo.

Pale kioo cha tabaka mbili kinapofaa

Yaliyosemwa hadi hapa hayamaanishi kwamba kioo cha tabaka mbili hakina nafasi katika eneo hili. Vipo vyumba ambavyo ni lazima vipozwe kwa mashine mchana na usiku: chumba cha upasuaji, ghala la dawa na chanjo, maabara, chumba cha kompyuta. Humo kila wati inayoingia hulipiwa mara ya pili katika bili ya umeme. Umeme wenyewe haukupatikana kwa urahisi. Mji wa Garissa ulitegemea mitambo ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa, na Wajir na Mandera zilijengewa vituo vyake vya dizeli kwa kuwa gridi ilikuwa mbali. Kituo cha umeme wa jua cha Garissa, chenye uwezo wa megawati 50, kilizinduliwa Desemba 2019. Jua lile lile linalozalisha umeme kituoni lisiachwe kuula umeme huo madirishani.

Kwa vyumba hivyo, mambo manne yazingatiwe. Kwanza, mianya izibwe. Dirisha la vipande vya vioo vinavyofunguka kama kurasa huvujisha hewa baridi hata likiwa limefungwa, na kioo cha pili hakiwezi kufidia hasara hiyo. Pili, utando wa metali uwe wa aina inayozuia jua, si ule wa nchi za baridi unaokusudiwa kuliruhusu jua kuingia. Takriban nusu ya nishati ya jua imo katika miale isiyoonekana, na utando mzuri huirudisha nje huku ukiuruhusu mwanga upite. Tatu, utando huo uwe kwenye uso wa ndani wa kioo cha nje, ili joto linalonyonywa libaki upande wa nje. Nne, fremu ya alumini iwe na kitenganishi cha plastiki katikati, kwa kuwa alumini tupu hupitisha joto kwa kasi na kukipunguzia kioo thamani yake.

Ipo pia hatari inayosahaulika mara nyingi. Nairobi iko katika mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko ya Garissa kwa zaidi ya asilimia 15. Vioo viwili vinavyofungwa Nairobi hubaki na hewa hafifu ndani yao. Vikishuka kilomita zipatazo 370 hadi Garissa, hewa nzito ya nje huvibana, vikajipinda kuelekeana, na gundi ya kingoni hulemewa. Joto kali la kila siku huzidisha mkazo huo, na gundi ikiachia, unyevu na vumbi huingia mahali ambapo hakuna kitambaa kinachoweza kufika. Kwa sababu hiyo mwagizaji anapaswa kumweleza mtengenezaji mapema kwamba kioo kitatumika mahali palipo chini, ili hewa ya ndani isawazishwe.

Suala la lugha nalo limo katika jambo hili. Mnunuzi anayeambiwa tu kwamba kioo ni cha kisasa hana cha kuuliza. Anayeweza kuuliza kwa Kiswahili, "Kioo hiki huruhusu asilimia ngapi ya joto la jua? Hupitisha wati ngapi? Utando uko upande gani?" amekwisha kujikinga dhidi ya nusu ya hasara. Swali la kwanza ndilo kubwa kwa Garissa, ilhali wauzaji huzoea kutaja jibu la swali la pili, ambalo ndilo kubwa kwa Ulaya.

Hitimisho

Imebainika kwamba kioo cha tabaka mbili hupunguza joto linalopita kwa sababu ya tofauti kati ya nje na ndani, na kwamba mzigo mkubwa wa dirisha la Garissa hautokani na tofauti hiyo bali unatokana na miale ya jua. Utaratibu unaofaa ni huu: jengo lielekezwe vizuri, dirisha litiwe kivuli kwa nje, upepo uruhusiwe kupita, na mianya izibwe katika vyumba vyenye viyoyozi. Baada ya hayo, na katika vyumba hivyo tu, kioo cha tabaka mbili chenye utando wa kuzuia jua kinaweza kulipa gharama yake.

Kenya imepata Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2024, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1968. Huu ni wakati mwafaka kwa kaunti za Garissa, Wajir na Mandera kuidai ramani ya kila darasa na kila wodi ionyeshe jua litapita wapi. Shule yenye fedha chache za madirisha ikizitumia zote kununua vioo viwili vya kuta za magharibi, wanafunzi wake wataendelea kuketi motoni. Ikizitumia kujenga vibaraza na kupanda miarobaini, watasoma hadi alasiri. Nguo ya kuazima haistiri, na dirisha lililokatwa kwa kipimo cha theluji halitamstiri mtu wa Garissa mpaka lipimwe upya kwa jua lake.